Kilichozama ni Amana

Mwanadamu amepewa macho na mikono, na tangu zamani viungo hivi viwili vimekuwa na ugomvi. Jicho likipendezwa na kitu, mkono hutaka kukishika. Na mkono ukisha kushika, aghalabu hutaka kwenda nacho. Mahali penye mlinzi na mlango ugomvi huu huamuliwa na hofu. Mahali pasipo mlinzi, pasipo mlango wala jirani wa kushuhudia, hauna mwamuzi ila dhamiri. Chini ya bahari ni mahali pa namna hiyo. Katika siku zetu watu wengi hushuka chini ya maji ya pwani yetu, wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni, ili kuzitazama meli zilizozama. Nataka kuuliza swali moja juu yao: mtu huyo ana haki gani juu ya kile akionacho, na ana wajibu gani?

Yaweza kuonekana ajabu swali hili kuulizwa na mtu wa Ruanda, katika mkoa wa Songwe. Nchi yetu ni ya kahawa na mahindi, na kutoka kwetu mpaka bahari ya Hindi njia ya gari ni zaidi ya kilomita 800. Walakini swali la kitu kizito kilichoanguka mahali kisipotarajiwa, kikalala hapo bila mwenyewe, si geni kwetu. Huko Ndolezi, katika wilaya ya Mbozi, kuna kimondo kilichotoka mbinguni. Urefu wake ni kama meta 3, uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi, na sehemu yake kubwa sana ni chuma. Mwaka 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alikitangaza kwa wataalamu, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua kabla yake. Vipande vyake vilikatwa kwa uchunguzi, na alama za kukatwa hubaki juu yake mpaka leo. Baadaye udongo uliokizunguka ukachimbuliwa, kikaachwa pale pale kilipoangukia, na kikahifadhiwa kuwa mali ya taifa zima.

Tafakari alama zile, msomaji. Msumeno wa mtaalamu atafutaye elimu na msumeno wa mtu atafutaye pambo la sebule yake hukata sawasawa. Chuma hakiwezi kutuambia ni upi uliokuwa na haki. Tofauti haimo katika jeraha. Imo katika jawabu la swali hili: ulichukua kwa niaba ya nani? Mtaalamu akiwa mwaminifu aweza kujibu kwamba alichukua kwa niaba ya wote, na jambo alilojifunza liliandikwa ili wote walijue. Mwenye sebule hana jawabu ila nafsi yake. Nitalishika swali hili kama fimbo ya kipofu, na kwalo nitashuka pwani.

Karibu na mji wa Unguja, katika kina cha meta 12 hivi, yamelala mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza iliyoundwa mwaka 1870 na kuzama mwaka 1902 baada ya kupanda mwamba. Ilikuwa meli ya kutandaza na kutengeneza nyaya za simu zipitazo chini ya bahari. Kwa nyaya kama hizo Unguja iliunganishwa na Aden na kusini mwa Afrika mwaka 1879, na habari zilizokuwa zikingoja pepo za kaskazi na kusi zikaanza kwenda na kurudi kwa saa. Chombo kilichoyasaidia maneno ya wanadamu kupita chini ya maji sasa chenyewe kiko chini ya maji, kimya, kimefunikwa na matumbawe na sifongo, na samaki wamefanya maskani ndani ya mbavu zake.

Kukifikia si kazi kubwa, na hapo ndipo jaribio lilipo. Chombo cha kuvutia hewa ambacho Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walikibuni mwaka 1943, kimemwezesha mtu wa kawaida kufanya jambo ambalo zamani lilikuwa la mabingwa. Maji ya Unguja ni ya vuguvugu. Kina cha meta 12 hakimbani mtu sana. Mtungi mmoja waweza kumtosha muda wa karibu saa nzima. Mafunzo ya siku chache yatosha. Mlango ukiwa mzito kufunguka, wachache huingia, na hao wachache huwa wamejiandaa. Mlango ukiwa mwepesi, huingia mwenye adabu na asiye nayo.

Tena maji yenyewe hufundisha adabu kwa atakaye kufundishwa. Mpiga mbizi hukatazwa kuzuia pumzi apandapo juu, kwa sababu hewa iliyobanwa kifuani hupanuka na kuweza kupasua pafu: huko chini hata pumzi haikubali kufanywa hazina. Vitu huonekana vikubwa na karibu kuliko vilivyo: kwa hiyo jicho halina budi kujishuku. Rangi nyekundu hupotea kwanza, kisha nyingine huifuata: kwa hiyo mtu hawezi kusema ameiona kila rangi ya kitu. Akipiga miguu ovyo, mchanga huinuka na kumpofusha yeye na wenzake. Hata mapovu ya pumzi yake, yakinaswa chini ya dari ya chuma ndani ya meli, hupeleka hewa kwenye chuma kile na kuharakisha kutu. Basi hakuna kutazama kusikogusa. Wahenga wetu walisema macho hayana pazia, nao walisema kweli. Lakini mtu aingiaye katika nyumba isiyo na mlango hana budi kujishonea pazia lake mwenyewe.

Sasa mtu aweza kunijibu hivi: “Unafanya jambo dogo kuwa kubwa. Meli ile imekufa. Bahari inaila kila siku, na baada ya miaka mingine haitabakia. Nikichukua parafujo moja ya shaba, au kipande cha sahani, ninaokoa kitu ambacho kingepotea. Wahenga hao hao walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Mbona unataka kukipa usukani kilichokwisha kuzama?”

Hoja hii ina sura nzuri, na yafaa ipimwe kwa haki. Kwanza, tuulize kama kweli kuchukua ni kuokoa. Chuma kilichokaa miaka mingi baharini kimenywa chumvi hata ndani. Kikitolewa na kukaushwa bila dawa, chumvi hiyo hukifanya kipasuke na kumeguka magamba kwa magamba. Mti uliolowa karne nyingi ukikauka ghafula hujikunja na kupasuka. Ili kitu cha namna hiyo kiishi juu ya nchi kavu hutakiwa matangi, dawa, subira ya miezi na miaka, na mtu ajuaye kazi. Mpiga mbizi wa likizo hana hata kimoja cha hivi. Anachokiita kuokoa ni kukitoa kitu katika kifo cha polepole na kukitia katika kifo cha haraka, juu ya rafu ya kitabu, katika mji wa mbali.

Pili, kitu cha meli iliyozama hakina maana peke yake. Maana yake imo katika jirani zake. Sahani moja ni sahani. Sahani iliyolala karibu na jiko, chini ya ubao wa sitaha, kando ya mfupa wa mbuzi, ni sentensi: yatuambia nani alikula nini, wapi, siku chombo kilipozama. Aondoaye sahani ameng'oa neno katikati ya sentensi, na mwenye kuja nyuma yake atasoma upuzi. Mwizi wa kitabu huiba kitabu kimoja, nacho chaweza kununuliwa kingine. Mwizi wa neno katika nakala ya pekee huwaibia wasomaji wote watakaozaliwa.

Kwamba yawezekana kuchukua kwa haki, Mombasa imetuonyesha. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta za ngome hiyo. Mwaka uliofuata ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani. Meli ikalala bandarini karibu karne tatu. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wa elimu ya mambo ya kale, chini ya uongozi wa Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua. Walipima kabla ya kugusa, wakachora kabla ya kuinua, wakavitia dawa vitu walivyovitoa. Leo mtoto wa shule wa Mombasa, ambaye pengine hajui kuogelea, aweza kuingia katika makumbusho ya ngome ile akaviona. Gubeti lenyewe la meli walilifunika tena kwa mchanga lilipokuwa. Hawa walichukua mengi kuliko mwizi yeyote, walakini hatuwaiti wezi. Kwa nini? Kwa sababu waliweza kulijibu swali letu. Walichukua kwa niaba ya nani? Ya mtoto yule.

Tena tusidhani kwamba kila kilichozama hakina budi kuachwa chini. Huko kwetu magharibi, katika ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, isiangukie mikononi mwa adui, na mashine zake walizipaka mafuta mazito ili zisioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015, karibu miaka 100 baada ya vita vile, ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Kama mtu angesema mwaka 1924 kwamba heshima yataka meli ile iachwe chini, angekosea. Maana walio hai walikuwa na haja nayo, nayo ilikuwa bado na uwezo. Kwa hiyo sheria ya jambo hili haisemi, “Usiguse kamwe.” Yasema, “Usiguse kwa ajili yako peke yako.”

Jina la sheria hiyo twalo katika lugha yetu tangu zamani: ni amana. Mtu akiwekewa amana, haruhusiwi kuitumia kana kwamba ni yake, wala haruhusiwi kuitupa kana kwamba si ya mtu. Mwenyewe aweza kuwa mbali, aweza kuwa amekufa, aweza kuwa bado hajazaliwa. Amana haivunjiki kwa kutoonekana kwake. Kilichozama kimewekwa amana kwa kila akionaye.

Nimekuja sasa kwenye sehemu iliyo nzito zaidi. Nimesema juu ya sahani na parafujo. Sikusema juu ya watu. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imesimama katika bandari ya Unguja ikitengenezwa mitambo yake. Alfajiri ikashambuliwa na manowari ya Wajerumani, Königsberg, ikazama. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Mabaki ya Pegasus nayo hutembelewa na wapiga mbizi. Tarehe 21 Mei 1996, meli Bukoba ilipinduka katika ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 walikufa. Wapiga mbizi waliifikia kwa kazi ya huzuni ya kutoa maiti, na wengi katika waliotolewa wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama nje ya Nungwi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Wapiga mbizi waliotoka Afrika ya Kusini kuja kusaidia walishindwa na kina na mikondo.

Hebu tumfikirie mtu atakayetangaza safari ya starehe kwenda kuitazama Bukoba, kwa nauli ya kadha wa kadha, na chakula cha mchana ndani yake. Kila mtu wa Mwanza atachukizwa, na sisi wa Songwe tutachukizwa pamoja naye. Lakini tangazo hilo hilo likiwa juu ya Pegasus, hapana achukizwaye. Maji ni maji, kifo ni kifo, na baharia wa mwaka 1914 alikuwa na mama kama abiria wa mwaka 1996. Basi ni kitu gani kinachogeuza kaburi kuwa mandhari?

Wengi watajibu kwamba ni miaka. Sheria ya mataifa yenyewe imechukua njia hiyo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2009, wahesabu kuwa urithi wa chini ya maji vitu vilivyokaa humo kwa muda usiopungua miaka 100. Nao wataka kwanza vihifadhiwe mahali pake, vitazamwe kwa hadhari, visifanywe bidhaa, na mabaki ya wanadamu yapewe heshima. Sheria haina budi kuwa na hesabu, maana hakimu hawezi kupima huzuni kwa kibaba. Lakini moyo hauhesabu hivyo. Miaka peke yake haifuti kitu. Kinachofutika ni watu wanaokumbuka. Kaburi huanza kuwa mandhari siku afapo mtu wa mwisho ambaye angelia mbele yake.

Kama hivyo ndivyo, basi heshima yetu kwa wafu ni woga tu wa walio hai. Twanyamaza mbele ya Bukoba kwa sababu mjane yupo. Twacheka juu ya Pegasus kwa sababu mjane hayupo. Mimi sikubali kwamba hapo ndipo mwisho wa maadili. Mfu asiye na wa kumlilia ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya adabu ya mgeni, kama vile yatima alivyo na haja kubwa zaidi ya mlezi kuliko mtoto mwenye wazazi. Sisemi kwamba watu wasishuke Pegasus. Kuzuru kaburi si dhambi; sisi sote huzuru makaburi. Nasema tofauti ya mzuru na mtalii haimo katika nauli aliyolipa. Mzuru ajua yuko kwa nani. Yafaa kila mpiga mbizi, kabla hajaingia majini, aambiwe meli ile iliitwaje, ilikuwa ikienda wapi, na nani hawakutoka. Dakika tatu zatosha. Akisha kujua, mikono yake itatulia yenyewe, na furaha yake haitapungua. Itapata uzito tu, kama mtumbwi upatavyo uzito wa farumi usiyumbe.

Yabaki hoja moja ambayo siwezi kuipita, kwa kuwa ni ya maskini. Mvuvi wa pwani aliye na watoto wanne aweza kusema: “Mgeni hushuka kuitazama meli hiyo akalipa fedha nyingi, na fedha hizo hupita mbele ya mlango wangu bila kubisha. Mimi nikiichukua shaba yake nikaiuza kwa kilo, naitwa mharibifu. Macho ya tajiri yamekuwa halali, na mikono yangu imekuwa haramu.” Sisi wa bara twayajua maneno haya kwa lahaja nyingine. Alama za barabarani hung'olewa zikauzwa kama vyuma chakavu. Mng'oaji hupata fedha ya siku moja, na dereva wa usiku hupoteza maisha. Kosa ni kosa. Lakini mvuvi yule hakukosea katika kila alilosema. Amana haiwezi kulindwa na mtu mwenye njaa kwa faida ya mtu aliyeshiba, kisha mlinzi akaambiwa ashukuru. Methali yetu yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama mgeni amekuja na mwenyeji hakupona, methali imevunjwa upande mmoja, na si ajabu ikivunjwa upande wa pili. Fedha ya kutazama haina budi kumfikia alindaye, kama mshahara na kama heshima. Naye afundishwe kushuka, aiangalie kwa macho yake mali aliyoambiwa ailinde. Ni vigumu mtu kulinda asichoruhusiwa kukiona.

Basi jawabu la swali letu, kwa kadiri nilivyoweza kulipima, ni hili. Mpiga mbizi ana haki ya kuona, kwa sababu elimu na uzuri wa dunia havikuumbwa vifichwe. Ana haki ya kufurahi, kwa sababu furaha isiyomnyang'anya mtu ni njema. Hana haki ya kuondoka na kitu, ila awe ametumwa na walio wengi na aweze kuwatolea hesabu. Ana wajibu wa kujua jina la chombo na habari za waliokuwamo. Ana wajibu kwa mwenyeji wa pwani aliyemwongoza. Na baada ya kutoka majini ana wajibu wa kusema alichokiona kwa kweli, bila kukikuza kama maji yanavyokikuza. Mwenye kutimiza hayo atapanda juu mikono mitupu, na amana ataiacha ilipo, imngojee mwingine.